Aliyemlilia Mume Wangu

Mtu anayeweza kulia muda wowote akitaka, mimi simwamini hata akiniambia ana njaa. Ndivyo nilivyoanza na yule mzee, na kwa miaka mingi ndivyo nilivyoendelea naye. Hapa Bagamoyo yetu ya Tukuyu, mtaa ambao mgeni akiusikia hudhani una bahari, tulimwita Mwigizaji, na mimi nitamwita hivyohivyo. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake wanazo wenye ukoo. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kuwajua watu kwa vipimo, na huyu kila nikimpima aliniponyoka. Kulikuwa na kitu kimoja nilichotaka kukijua kwake kuliko vyote: yale machozi aliyoyamwaga kwenye msiba wa mume wangu, yalikuwa ya kweli au ilikuwa kazi?

Alirudi kutoka Dar es Salaam akiwa mtu mzima tayari, ana begi moja na makofia matatu. Alinunua ng'ombe wawili, akajenga banda la mabanzi nyuma ya nyumba yake, akaanza kuuza maziwa. Hakuhitaji kujitambulisha. Tulishamwona. Alikuwa amecheza filamu nyingi za Kibongo, ingawa hakuwahi kuwa mtu wa kwenye kava. Alikuwa yule mlinzi anayefungua geti, yule hakimu anayesoma hukumu, yule mganga mwenye kibuyu, na mara nne alikuwa maiti. Siku ya kwanza alipopita sokoni mama mmoja muuza parachichi alimwambia, "Mzee, pole na kifo." Akapokea pole ile kwa adabu zote, akanunua parachichi mbili.

Mimi nilimshuku siku hiyohiyo. Mtu akipewa pole ya uongo akaipokea vizuri hivyo, ya kweli ataipokeaje?

Alikuwa na tabia ya kuchukua mwendo wa watu. Namaanisha hivyo hasa, alikuwa anauchukua. Alikaa kwenye ngazi za duka karibu na stendi, mikono mapajani, akimtazama mtu anavyotembea, halafu anainuka na kumfuata nyuma hatua kumi, kumi na tano, akiweka miguu kama yule anavyoiweka. Kuna mzee mmoja wa Isongole, mleta viazi, ana goti bovu, aligeuka ghafla akamkuta nyuma yake anachechemea vilevile. Alitaka kumpiga na fimbo. Mwigizaji hakukimbia. Alimwomba radhi, kisha akamwambia, "Goti lako linauma ukishuka, ukipanda haliumi. Nenda hospitali wakakutazame." Yule mzee alikwenda, na ikaonekana kweli ni hivyo, na toka siku ile akawa anamwogopa zaidi. Na mimi pia. Daktari anaruhusiwa kujua goti langu. Muuza maziwa amelijuaje?

Kuhusu maziwa niseme haki yake. Hakuyatia maji. Nilikuwa nachukua kwake kila asubuhi, na kila asubuhi, akishageuka tu, nadondosha tone kwenye ukucha wa dole gumba nione kama litateleza. Halikuteleza hata siku moja. Mtu mwingine angetulia baada ya mwezi. Mimi nilizidi kujiuliza kwa nini mtu aliyekula kwa uongo maisha yake yote awe mkweli kwenye maziwa tu. Mume wangu aliniona siku moja na ukucha wangu akasema, "Mama Tumaini, ng'ombe nao wanaigiza?"

Alikuwa na semi zake. "Uso ni nguo ya kazi," alipenda kusema, "ukifika nyumbani uvue." Nyingine ilituharibia mtaa mzima. Vijana walimwuliza kwenye kijiwe cha kahawa, mzee, unafanyaje mpaka unaonekana mbaya vile kwenye video? Akasema, "Mtu mbaya hapigi kelele. Mtu mbaya anakuuliza kama umekula." Basi. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa na mazoea ya kumwuliza kila mtu kama amekula, na toka hapo, akimwuliza mtu "Umekula?", mtu anashika tumbo. Binti mmoja pale saluni alikuwa akimwona kwa mbali anajibu kabla hajaulizwa: "Nimeshiba, babu."

Pasaka moja kanisani kwetu walimwomba acheze Yuda. Hakuna aliyejitolea, na yeye hakukataa. Alipombusu yule aliyecheza Yesu, kanisa zima lilinyamaza mpaka tukasikia mvua kwenye bati. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alikuwa anapitisha kikapu cha sadaka, akafika safu ya Mwigizaji, akairuka. Nilicheka na wenzangu. Yeye alisubiri ibada iishe, akaenda kuitumbukiza sadaka yake mwenyewe mezani, akarudi kuchukua kofia yake. Uso wake haukuonyesha kitu, na ndiyo maana nilisema moyoni, tazama anavyocheza.

Hata hivyo jina lake huko Dar lilijengwa na mila ya huku kwetu, na hii nimeithibitisha kwa watu wawili. Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Bibi zetu walikuwa wakisikia kikohozi cha mkwe njiani wanaingia kwenye migomba na kukaa humo mpaka apite. Siku hizi tumelegea, lakini kula naye sahani moja bado ni neno zito. Sasa Mwigizaji alipewa nafasi ya baba mkwe, na mwongozaji, kijana wa mjini, akamwambia ampokee mke wa mwanawe mlangoni na kumtazama machoni. Akajaribu, shingo ikakataa. Akageukia kabati la vyombo, akaliambia kabati, "Mwambieni huyo mama akae." Mwongozaji alidhani ni ubunifu. Akamwambia asibadilishe chochote, hajawahi kuona baba mkwe wa kutisha namna hiyo. Toka siku hiyo kila aliyetaka baba mkwe mbaya alimtafuta yeye, na yeye miaka yote akaongea na makabati, na kuta, na mapazia, kwa heshima aliyolelewa nayo.

Lakini mara moja walimbana, akala sahani moja na dada aliyecheza mke wa mwanawe. Video ikafika kwao Nkunga, shangazi yake akaitazama, akatuma ujumbe kwamba alete ng'ombe wa kuondoa aibu hiyo. Alimpigia simu kumweleza kwamba yule si mkwewe, ni mwigizaji, jina lake fulani, ana mume wake. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho. "Nimekuelewa, mwanangu," akamwambia. "Na mdomo uliokula, ulikuwa wa nani?" Alituhadithia hayo akicheka, lakini alisema ng'ombe alimpeleka. Hapo nilimwona mtu mwenye pande mbili kabisa. Kama alijua ni mchezo, ng'ombe wa nini? Na kama haukuwa mchezo, je, ule uganga na ile sumu aliyowatilia watu kwenye video?

Kazi iliyompa ugali wa uhakika ilikuwa nyingine, ambayo sura yake haikuonekana kabisa. Mnazijua zile tamthilia za Kifilipino zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Ndani yake kuna mwigizaji mmoja mzee, Mfilipino, ambaye ni kama yeye: si wa mbele, hapati mchumba, haonekani kwenye picha za matangazo, lakini bila yeye hadithi haiendi. Mwigizaji wetu ndiye alikuwa sauti yake kwa Kiswahili. Miaka tisa. Kila huyo Mfilipino alipopewa tamthilia mpya na ikaletwa Dar, studio walimwita huyuhuyu, kwa sababu watazamaji walishazoea, sauti ikibadilika wanalalamika.

Alimzungumzia mtu huyo ambaye hakuwahi kukutana naye kana kwamba wamelala kitanda kimoja utotoni. Alisema Mfilipino huyo alianza kwa kucheza dereva wa tajiri, maneno yake "ndiyo bosi" tu, mwaka mzima ndiyo bosi. Baadaye akawa padri, akawa hakimu, akawa mvuvi mlevi, halafu nywele zilipokuwa nyeupe wakamwona anafaa kuwa babu mwenye roho mbaya, na hapo ndipo alipodumu. Karibu kila mara hufa kabla ya sehemu ya mwisho. Alisema ana jino bandia upande wa kulia, anaogopa maji ingawa huchezeshwa kwenye mashua, na mguu wake wa kushoto una kasoro ambayo huificha kwa kusimama nyuma ya viti. Na alisema mkewe alikufa katikati ya tamthilia moja.

"Ulisoma wapi?" nilimwuliza.

"Sikusoma. Sehemu kumi na nne mfululizo alisema maneno yake bila kuinua kidevu. Mtu wa kazi hafanyi hivyo. Kuna kitu kilikuwa kimemvunja shingo."

"Labda alilala vibaya."

"Mama Tumaini, mtu nimempumulia miaka tisa."

Hilo la kupumulia alimweleza mume wangu vizuri, na mimi nikasikiliza nikiwa nashona upande wa pili wa barabara. Unakaa kwenye chumba kidogo, umevaa visikilizio, sauti ya mwenyewe inaingia sikioni kwa lugha yake, na maneno ya Kiswahili yako mbele yako kwenye karatasi. Mdomo wake ukifunguka ufungue, ukifunga ufunge. Akivuta pumzi uvute naye, la sivyo utamaliza yako katikati ya sentensi. Kiswahili chetu kirefu, unakata neno hapa na pale. Lakini mtu akilia karatasi haina kitu. Wanaandika tu "analia." "Kilio hakina tafsiri," alisema. "Lazima ulie mwenyewe." Yeye alikuwa hawezi kulia kwa sauti, hivyo alikifuata cha Mfilipino hatua kwa hatua: kwanza mabega, halafu pumzi tatu fupi za kuingia, halafu sauti inatokea chini tumboni inapanda. Alikichukua kilio kile jinsi alivyouchukua mwendo wa yule mzee wa Isongole.

Sasa nimseme mume wangu. Alikuwa fundi wa redio na televisheni, kibanda chake kilitazamana na changu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi nina maneno mengi, tulikaa vizuri. Rafiki hakuwa naye, mpaka alipokuja Mwigizaji. Akishagawa maziwa alikuja kukaa kwenye stuli mle kibandani mpaka saa sita. Televisheni iliyotengenezwa lazima ijaribiwe, na wakati huo wa mchana kulikuwa na marudio ya tamthilia. Mume wangu alikuwa anaizima sauti, na Mwigizaji anaongea ya babu mwenyewe, papo hapo, lakini anaingiza mambo yetu: babu wa Manila analalamika ukungu wa Tukuyu, anadai viazi vyake vya Isongole vimeoza njiani. Mume wangu alicheka mpaka bisibisi ikamwanguka. Kicheko hicho mimi nimeolewa naye miaka ishirini na sita sikuwahi kukitoa. Niseme ukweli, niliona wivu. Nilijiambia mzee huyu anatafuta kitu kwa mume wangu, haiwezekani mtu akae bure kwenye stuli ngumu kila siku.

Mume wangu alikufa asubuhi ya Jumanne, ameinamia televisheni ya mtu. Hospitali walisema presha. Alikuwa hajawahi kulalamika hata kichwa. Asubuhi hiyo alikula ndizi na maharage niliyopika mimi, akanywa chai niliyochemsha mimi, akavuka barabara.

Kwetu msiba ni jambo kubwa. Watu hujaa, wanaume wanakaa nje kwenye mabenchi na moto wao, wanawake ndani na chini ya turubai, na kilio kinapokelewa. Mgeni akifika analia, mwenyeji anamjibu kwa kulia, na mjane ndiye wa mbele kuliko wote. Mimi sikulia. Nawaambieni nilivyokuwa: kichwani nilikuwa nafikiria gauni la mteja, vifungo sita, nimeshapiga vinne, viwili bado. Nilijua kwamba mume wangu yuko pale kwenye sanduku. Nilijua kwamba natakiwa kulia. Kila aliyenikumbatia alilia shingoni kwangu na mimi nikampigapiga mgongo, kama yeye ndiye aliyefiwa.

Hapo ndipo Mwigizaji alipoanza. Alikuwa kwenye benchi la wanaume. Mabega yalitangulia, zikaja pumzi tatu fupi, halafu sauti. Ilipanda juu ya nyimbo za kwaya mpaka kwaya ikapotea njia. Alianguka magoti kwenye tope, kofia huku, yeye kule, wanaume wanne wakamshika wasimweze. Wanawake wote chini ya turubai walisimama kutazama. Na mmoja akasema, tena si kwa kunong'ona, "Jamani, si ndiyo yule babu wa tamthilia?" Kila mtu akakitambua kile kilio. Mimi pia. Nilikuwa nimekisikia kwenye televisheni za mume wangu mara hamsini.

Nilichukia kuliko nilivyowahi kuchukia. Nilimwona amefanya maziko ya mume wangu kuwa ukumbi wake. Na zaidi ya hapo, alinifanya mimi, mke, nionekane nimeshindwa na mpita njia.

Baada ya msiba maneno yakaanza, na yalikwenda kwake. Ukishuku mtu ambaye umemwona kwa macho yako akitia sumu kwenye kikombe, hata kama ilikuwa video, hukosi wa kukuunga mkono. Wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye nyumba yake iko chini kidogo ya kwangu, alikuja kuniambia kwamba yule mzee amelia kama mtu anayejua kitu. Alikuwa anashinda na marehemu, kwa nini? Alikuwa anamletea maziwa, ndani ya maziwa kulikuwa na nini? Mtu asiye na hatia halii hivyo. Nilimwacha amalize. Nilikuwa nimeyapima yale maziwa kwenye ukucha wangu miaka yote, na maziwa hayohayo nilikuwa nakunywa mimi, na bado nilimjibu, "Hata mimi, wifi, mtu yule simwelewi."

Sentensi hiyo moja ilitosha. Mtaa wetu uliacha kuchukua maziwa kwake. Akawa anapeleka mbali, anapanda bodaboda na madumu yake, na siku za mvua kubwa bodaboda hazipandi, nilimwona akiyamwagia nguruwe wa jirani. Aliendelea kuja kwenye misiba ya watu, anakaa benchi la mwisho, watu wanaacha nafasi pembeni yake. Tukipishana aliniamkia kwa adabu, "Habari za kazi, Mama Tumaini," na mimi nikamjibu nikiwa natazama uzi. Tuliishi hivyo miaka mitano. Sikuwahi kumwuliza, na swali halikuniacha. Kama alilia kweli, basi mume wangu alikuwa na mtu duniani, na sisi tumemtesa mtu huyo. Kama ilikuwa kazi, basi kwenye maziko yale hakuna aliyemlilia mume wangu, maana na mimi sikumlilia.

Mwaka jana, mvua za Aprili, ikasikika kwamba Mwigizaji amefiwa. Alikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, kama inavyotakiwa, akamwambia, "Nimepata msiba." Balozi akamwuliza nani. Akasema mwenzake wa kazi, yule Mfilipino. Balozi akacheka. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Mwigizaji anapiga video, anatafuta watu wa kujaza msibani, na kamera zimefichwa. Wengine walisema anatafuta namna ya kutuingiza nyumbani kwake. Hakuna aliyekwenda.

Kesho yake mchana nilikuwa napeleka sare za kwaya, nikapita kwake. Alikuwa ametoa mabenchi nje, manne, yamepangwa kama ya msiba. Moto umewashwa chini ya paa la mabanzi, unafuka moshi tu kwa sababu ya unyevu. Yeye amekaa benchi la mbele, lililoingia chini ya paa hilo, peke yake, na koti lake, hana kofia. Nitasema nilichofanya ingawa kinaniaibisha: kabla sijamkaribia nilizunguka kwenye migomba kutafuta kamera. Nilitazama juu ya banda la ng'ombe. Nilitazama dirishani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Tumaini. Karibu. Kaa huku, hapo panavuja."

Nikakaa, furushi la sare mapajani. "Wanasema unapiga video."

"Nimesikia. Umeziona kamera?"

"Sikuziona."

"Basi labda hazipo," akasema, na kwa kweli alikaribia kutabasamu.

Akanieleza kwamba mwenzake wa studio alimtumia ujumbe wa sauti. Mfilipino alikuwa mgonjwa, amekufa, na kwa jinsi saa zao zilivyotutangulia, walikuwa wanamzika wakati yeye anakamua ng'ombe, hajui.

"Yeye alijua kama upo?"

"Angejuaje. Mimi ndiye niliyemjua."

Nilimtazama usoni, nikitafuta. Uso ule siku zote ulikuwa na kitu, hata alipokuwa anapima maziwa. Siku hiyo haukuwa na kitu chochote, ulikaa tu bure, umezeeka, na mdomo uko wazi kidogo. Hakukuwa na hata tone la chozi. Nikaona hapo ndipo pa kumshika.

"Mbona hulii?"

"Nalia," akasema. "Changu ndivyo kilivyo. Hakina sauti."

"Na cha mume wangu?"

Alisogeza kuni moja kwa mguu. "Kile kilikuwa cha huyu aliyekufa. Kile anacholia akimzika mwanawe kwenye tamthilia."

"Kwa hiyo ilikuwa kazi."

"Ilikuwa kazi."

Miaka mitano nilitaka kusikia hivyo, na niliposikia nilitaka kumpiga na furushi. Nikasimama niondoke. Akaongea bila kunitazama, ameugeukia moto, kama alivyokuwa akiongea na makabati yake.

"Mama Tumaini, siku ile wewe ulikuwa hulii. Mimi nilikuwa benchi la mwisho la wanaume, kutoka pale unawaona wanawake wote. Wifi yako alikutazama, akamgusa wa pembeni. Yule akamgusa mwingine. Kazi yangu ni kutazama watu, nilijua linakwenda wapi. Mwanamke amempikia mume asubuhi, mume amekufa saa nne, na mwanamke halii. Lingefika kwa wazee kabla jeneza halijatoka. Nikawapa kitu kingine cha kutazama."

Nilikaa tena. Mvua ilikuwa inapiga mabanzi. Nikawaza ile miaka, bodaboda na madumu, nguruwe wa jirani, nafasi zilizoachwa wazi kwenye mabenchi. "Walikutazama wewe miaka mitano," nikasema.

"Mimi nimezoea kuwa mtu mbaya."

"Na mimi nilisema, mzee. Wifi alikuja kwangu, nikamwambia simwelewi mtu yule. Ni mimi."

"Najua. Ilisaidia sana. Baada ya hapo wakakuacha kabisa."

Sijawahi kuona aibu kama niliyoiona kwenye benchi lile. Nilichoweza kuuliza ni kimoja. "Na yeye mwenyewe? Mume wangu? Wewe hukumlilia?"

"Nilimlilia nikikamua. Ng'ombe walikuwa hawashushi maziwa vizuri mpaka Desemba."

Tukakaa. Hakuna aliyekuja. Kila bodaboda ikipita barabarani aliinua kichwa kidogo, akakishusha. Mabenchi matatu yalikuwa matupu na yanalowa, na mtu huyu alikuwa amehudhuria misiba yetu yote.

Nikaacha furushi la sare pale kwenye benchi, nikamwambia naja. Nikashuka mpaka kwa wifi. Alikuwa jikoni anamenya ndizi.

"Wifi, inuka twende kwa Mwigizaji. Amefiwa."

"Amefiwa na nani? Si wanasema anapiga video?"

"Nimetoka huko. Hakuna video. Amefiwa na ndugu yake."

"Ndugu gani? Yule ndugu zake si wako Nkunga, wote wazima?"

"Huyu alikuwa mbali. Wamefanya kazi pamoja miaka tisa."

"Umemwona analia?"

"Analia tangu jana," nikasema.

Alinitazama usoni muda mrefu, kisu mkononi, jinsi alivyonitazama siku ile chini ya turubai. Sikupepesa macho. Halafu akaweka kisu chini, akanawa mikono, akaingia chumbani kuchukua kitenge.